Ijumaa Tuliyobadilisha Motherboard

Nilianza kazi Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, mwezi wa kwanza mwaka wa 1997. Nilikuwa nimeambiwa saa mbili kamili. Hizo dakika kumi nilizimaliza ng'ambo ya barabara, nikiangalia mlango wa ofisi ya taipu ya Mama Kemunto na kujipanga nitasema nini nikiingia. Nilipoingia sikusema kitu. Mama Kemunto aliangalia saa ya ukutani, akaniangalia mimi, halafu akanipa unyoya wa kuku.

Kupanguza vumbi kwa unyoya ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza. Nimestaafu Ijumaa iliyopita, baada ya mwaka mmoja na miezi minane, nikiwa na miaka kumi na tisa. Najua wanaostaafu huwa na mvi na hupewa saa ya ukutani. Mimi nilipewa soda na paja la kuku, na nilitosheka. Kiti changu sasa ni chako, Mercy. Nakuandikia kwa sababu kwa mdomo nimeshindwa. Wiki nzima tumekaa meza moja nikikuonyesha vitu, na nadhani nilisema maneno hamsini, ishirini kati ya hayo yakiwa "bonyeza hapo". Mengine ni haya. Nimeyatoa kwenye shajara yangu, kwa hiyo siku na saa ziko sawa.

Unajua ofisi ilivyo: kompyuta moja, printa moja, mashine moja ya fotokopi, na kiti kinachoegemea upande. Taipuraita iliuzwa kompyuta ilipokuja, na mtaa wote wa pale Migori ofisi zingine zilikuwa na taipuraita tu. Mama Kemunto alitoka Kisii na watoto wadogo na mashine ya kushona, akaanza kushona yunifomu, kisha akaingia kwa taipu. Kwa hiyo anaongea nami Kiswahili, na mimi Mjaluo wa Rongo namjibu kwa Kiswahili, tena kwa sauti ambayo alisema ni ya mtu aliye ndani ya debe. Yeye ni Msabato. Mimi ni Mkatoliki. Hilo kwa siku za kwanza sikuliona lina maana yoyote, mpaka Ijumaa ya kwanza ilipofika.

Ijumaa ya kwanza, saa kumi na mbili na nusu jioni, nilikuwa katikati ya barua ya mtu. Mama Kemunto akaenda kwenye kalenda ya kanisa lake, ile inayoonyesha dakika jua linapozama kila Ijumaa, akaweka kidole. Akasema, "Beril, maliza sentensi." Akamaanisha sentensi, si barua. Barua ilimaliziwa Jumapili. Nakuambia hili mapema ili usijaribu bahati yako. Jua likizama Ijumaa hakuna taipu, hakuna fotokopi, hata mazungumzo ya kazi hayapo mpaka jua la Jumamosi nalo lizame. Mteja mmoja aliwahi kumkuta sokoni Jumamosi akamuuliza kama karatasi zake ziko tayari. Mama Kemunto alimsalimia vizuri, akamuuliza habari za nyumbani, akaenda zake.

Sasa huku kwetu watu huzikwa Jumamosi. Hapo ndipo ugumu wa Ijumaa unatoka. Ratiba za mazishi zote, na majina ya watoto, wajukuu, wakwe na mashemeji, lazima zitoke mlangoni kabla ya dakika ya kalenda. Mtu akiniuliza nilisomea nini baada ya Form Four, naweza kusema nilisomea koo za watu. Ukikosea mpangilio wa wake wawili wa marehemu utajua siku hiyohiyo.

Kompyuta nayo ilikuwa na nguo yake. Mama Kemunto alikuwa ameifumia kitambaa cheupe chenye maua pembeni, kama vile anavyofuma vya makochi, redio na televisheni ya nyumbani. Kimoja kilifunika printa, kingine fotokopi, na kikubwa kilifunika kompyuta, mbele kikiachwa wazi kidogo mahali pa diski. Mashine ilifanya kazi ikiwa imevaa. Nilikuwa naona ni heshima. Ukikiondoa kitambaa uandike, Mama anakirudisha, kama mtu anayemfunika mtoto blanketi.

Aliyenifundisha vitu vya ndani ya mashine ni Fundi Odoyo wa Homa Bay. Alianzia redio, akaingia televisheni, halafu siku moja mtu akamletea kompyuta akidhani ni televisheni. Alikuwa anakuja kila mwezi kuikagua mashine yetu, mtu mrefu, mpole, mwenye mkoba wa ngozi ambao ndani yake hakuna kitu kingi. Bisibisi mbili, brashi ya kupaka rangi ambayo haijawahi kuona rangi, tochi, na raba ya penseli. Raba ilikuwa ya kusugulia meno ya kadi ya memori, yale ya rangi ya dhahabu, yakichafuka. Mara tatu nimeona mashine iliyokufa ikifufuliwa na raba ya mtoto wa shule. Usinunue nyingine, nimekuachia yangu kwenye droo.

Aliniita nyathina, mtoto wangu, na hakunisumbua na maswali. Aliongea akiwa anafanya. Kabla ya kugusa ndani, alisema, shika kwanza chuma cha boksi lake ili umeme wa mwili wako uishie hapo. Waya ile bapa ya diski ina ukingo mwekundu, na wekundu unakaa upande wa pini namba moja. Plagi mbili za umeme zinazoingia kwenye motherboard, ile bodi kubwa inayobeba vyote vya ndani, zinafanana kama mapacha, kwa hiyo ukizichomeka, waya nyeusi za huku na waya nyeusi za huku zikutane katikati. Ukikosea hilo, alisema, utasikia harufu, na hiyo harufu haina dawa. Niliandika yote kwenye daftari nilipofika nyumbani.

Na hapa inabidi nikuambie kosa langu, maana bila hilo hutaelewa ile Ijumaa.

Nilianza shajara nikiwa Form Two, bwenini. Muhula wa tatu msichana mmoja aliitoa chini ya godoro langu akaisoma kwa sauti, kutoka kitanda cha juu, bweni zima likisikiliza. Alisoma vizuri, siwezi kumnyima hilo. Tangu siku hiyo nikiwa mbele ya watu maneno yangu huniishia. Nilipopata kazi, na nikajua kompyuta inaweza kuweka maandishi kwenye diski ndogo isiyosomeka kwa macho, niliona nimepata godoro ambalo hakuna mtu wa kuliinua.

Lakini sikuwa na diski. Kwenye boksi la diski kulikuwa na moja ambayo Odoyo alikuwa ameiandika kwa kalamu nzito: PRINTA – USIGUSE. Nikafikiri, printa si ilishaingizwa kwenye mashine zamani? Si inachapa kila siku? Nilidhani diski hiyo ni kama chupa ya dawa iliyobaki mtu akishapona. Mwezi wa sita, siku Mama alipoenda benki, niliifuta yote nikaanza kuandika. Kibandiko sikukitoa. Kwa nini nikitoe? Hakuna mahali salama pa kuficha kitu kama chini ya neno USIGUSE.

Niliandika humo mwaka mzima na zaidi, dakika kumi kila siku saa ya chakula cha mchana. Niliandika kwamba Mama Kemunto anaongea na fotokopi ikikwama karatasi. Kwamba akinuna, ananuna mpaka printa inachapa polepole. Na mara mbili niliandika kwamba ningependa angekuwa mama yangu, na mama yangu yuko hai, yuko Rongo, anauza viatu na hajanikosea kitu. Yale ya kununa ningeweza kuyatetea. Haya mawili nisingeweza hata kuyasikia yakisomwa.

Mashine ilikufa Jumatano moja mwaka huu, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Ilisimama kwanza, maneno yakaganda, halafu kioo kikawa cheusi na pakatoka harufu kama sukari iliyoungua. Ndani yake kulikuwa na ratiba ya mazishi ya bibi mmoja wa Muhuru Bay aliyefikisha miaka tisini na kitu. Kurasa nne. Watoto tisa, na wajukuu ambao mtoto wake wa kwanza, Mzee Okelo, alikuwa ameniorodheshea kwa mkono, akirudi kila siku na jina alilosahau. Mazishi ni Jumamosi. Orodha ya mkono alikuwa amekwenda nayo kwa sababu nilimwambia haihitajiki tena, yote yako ndani ya mashine.

Mama Kemunto alienda kwenye simu ya barabarani akampigia Odoyo kupitia duka la jirani yake. Odoyo alisikiliza habari ya harufu, akasema atakuja Ijumaa na motherboard, alikuwa nayo moja iliyotoka kwenye ofisi iliyonunua mashine mpya.

Alifika Ijumaa saa saba mchana. Motherboard ilikuwa kwenye mfuko wa rangi ya moshi, na mfuko ulikuwa ndani ya gazeti, na gazeti ndani ya mkoba. Akaivua mashine kitambaa, akafungua boksi, akawasha tochi. Alituonyesha vikopo vidogo karibu na prosesa, ubongo wa mashine, vimevimba vichwa kama soda iliyoachwa juani, kimoja kimepasuka.

"Mama Kemunto," alisema, "hii mashine ulikuwa unaifunika ikiwa inawaka?"

"Si vumbi isiingie."

"Vumbi haikuingia. Hata hewa."

Mama Kemunto alichukua kile kitambaa, akakikunja mara nne, akasema polepole kwamba alikifuma mwenyewe, akakitia kwenye mkoba wake. Kisha akatoa na cha printa, na cha fotokopi. Kwa mara ya kwanza nilimwona mtu mwingine pale ofisini akikosa maneno, na sikufurahi kama ambavyo ningefikiria.

Kubadilisha chenyewe hakukuwa na shida, na ukipata nafasi ya kuona mtu akifanya, usiiache. Odoyo aliniacha nishike tochi, halafu bisibisi, halafu akakaa kando. Niligusa chuma. Nikachora kwenye daftari kila waya ilikotoka, hasa zile nyembamba za taa na kitufe cha mbele. Prosesa ilikuwa nzima, kwa hiyo tuliinua kamkono kake ka kando, tukaitoa kwenye motherboard ya zamani, tukaiketisha kwenye mpya, kona iliyokatwa ikikutana na kona iliyokatwa. Memori tukaisugua raba. Waya nyeusi kwa nyeusi. Ilipofika saa tisa na nusu tukawasha, ikahesabu memori, ikaiona diski kuu. Mzee Okelo, aliyekuwa amekaa kwenye benchi tangu saa nane na kofia magotini, akasimama.

Halafu picha ya Windows ikatokea, ikakaa, na ikaendelea kukaa. Odoyo alizima na kuwasha mara tatu. Ikakaa vilevile.

"Dawa yake ni moja," alisema. "Fomati. Natoa kwanza hiyo kazi ya mzee naiweka kwa diski, nafuta yote, naingiza Windows upya. Saa mbili hivi. Tutawahi." Akageuka kwa Mama. "Diski ya printa iko?"

"Iko kwa boksi," Mama Kemunto akasema. "Hakuna mtu ameigusa."

Mercy, hapo ndipo nilipoiona hatari. Windows ikiingizwa upya haitaijua printa, diski itaitwa, na diski itafunguliwa hapo mbele ya watu watatu, mmoja akiwa mfiwa. Mwaka mzima na miezi mitatu ya maneno yangu. Nilikuwa bado nimeshika bisibisi, na nikasikia sauti ikisema, "Fundi, si tujaribu kuiacha hii Windows iliyoko?"

Ilikuwa sauti yangu. Odoyo akageuka kama vile fotokopi ndiyo imeongea.

Nikaeleza, nikiangalia sakafu. Kwenye kile kitabu kilichokuja na mashine, ambacho nilikuwa nimekisoma mara mbili kwa kukosa kingine, walisema ukibonyeza F8 mapema Windows inaamka nusu, bila vifaa vyake, wanaita Safe Mode. Mimi nilifikiri hivi: Windows imekariri motherboard ya zamani. Ikiamka inasoma majina kama mwalimu wa zamu anayeita darasa lililohama shule. Hakuna anayeitika, na yeye amesimama hapo tu na rejista. Tukifuta majina ya zamani kwenye rejista, si ataanza kuuliza waliopo wanaitwa nani?

Odoyo akasema wengi hufomati kwa sababu ni rahisi, si kwa sababu ni lazima. Akamwambia Mama Kemunto kwamba huyu msichana ana akili ya fundi, na kwamba wengine wangetaka kumaliza haraka, lakini huyu anahurumia mashine. Mama alitikisa kichwa kwa fahari. Nilitamani kuingia ndani ya lile boksi na wafunge skrubu.

Tulipewa saa moja. Tukabonyeza F8, tukaingia, tukafungua orodha ya vifaa na kufuta vyote vilivyokuwa vya motherboard ya zamani, kimoja kimoja, maana kipanya kilikuwa kimekataa na ilibidi kwenda kwa kibodi tu, Tab na mishale. Tukazima. Tukawasha. Na Windows ikapita pale ilipokuwa inakwama, ikasema imeona kifaa kipya. Halafu kingine. Halafu inaomba kuzimwa na kuwashwa. Halafu imeona kingine tena.

Ilikuwa kama mtu aliyetoka hospitali akisalimiana na kijiji kizima. Kila mkono lazima aushike. Ikaona saa yake, ikaona kibodi ambayo nilikuwa naitumia tayari, ikaona kipanya nacho kikaamka. Ikaomba CD ya Windows, lakini mahali pa CD ilikuwa bado haijapatambua. Odoyo akakuna kichwa. Nikafungua daftari langu. Miezi mingi nyuma nilikuwa nimeandika kwamba Odoyo alinakili mafaili ya ile CD ndani ya diski kuu, na jina la folda lilikuwa hapo kwa mwandiko wangu. Nikaliandika, ikakubali. Odoyo akasema yeye mwenyewe alikuwa amesahau. Ndiyo maana nakuambia, andika kila kitu, hata kile ambacho aliyekifanya anakikumbuka.

Ile saa moja tuliyopewa ikawa mbili. Saa kumi na mbili kasorobo, Mama Kemunto alifunga dirisha moja. Akapanga karatasi. Akaenda kwenye kalenda, akaweka kidole: saa kumi na mbili na dakika arobaini. Mzee Okelo naye hakuwa Msabato, lakini alikuwa ameshajua kalenda ile ina maana gani, akawa anaiangalia kuliko anavyoangalia mashine. Mara moja tu aliniuliza kwa upole kama majina bado yamo. Nikamwambia yamo. Akasema mama yake hakupenda mtu aachwe nje.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini tulikuwa tumewasha mara ya tisa. Vifaa vyote vimesalimiwa. Nikaanza kupumua. Ndipo likatokea kisanduku kimoja cha mwisho katikati ya kioo. Windows ilikuwa imelitambua tundu la waya ya printa, ikachungulia ng'ambo ya waya, ikaona printa kama mgeni. Tafadhali ingiza diski ya printa.

Ningecheka kama ingekuwa ya mtu mwingine.

"Leta ile diski, nyathina," Odoyo akasema.

Nikaitoa kwenye boksi. Nikaishika kifuani, kibandiko ndani. Nje jua lilikuwa limefika kwenye mabati ya ng'ambo.

"Printa haimo," nikasema.

"Haimo wapi?"

"Kwa diski. Niliifuta. Ndani niko mimi."

Mama Kemunto akaja karibu. "Uko wewe namna gani?"

"Shajara yangu, Mama. Vitu ninavyoandika."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa sita mwaka jana."

Akanyoosha mkono, nikampa. Akasoma kibandiko kama hajawahi kukiona. Odoyo alikuwa ameinama anaangalia bisibisi yake kwa makini sana, na Mzee Okelo alikuwa amegeukia kalenda. Watu wazima wakitaka wanaweza kuwa na adabu ya ajabu.

"Na mimi nimo?" Mama Kemunto akauliza.

Nilifikiria kusema hapana. Lakini uongo mmoja ulikuwa umenitosha mwaka mzima. "Umo, Mama."

"Sana?"

"Karibu kila siku."

Hakununa. Ningependa angenuna, kununa nilikuwa nakujua. Aliiangalia diski, akaangalia kalenda, akaangalia mashine iliyokuwa inangoja kwenye kisanduku chake. Nikasema haraka, kabla sauti haijaniishia, kwamba orodha ya printa yenyewe hatukuigusa, tulifuta vifaa vya motherboard tu, kwa hiyo printa ya zamani huenda bado imo. Kwamba tukikataa hiki kisanduku, labda itachapa vilevile. Odoyo akasema inawezekana. Na ikigoma, akasema, basi ni fomati, na hakuna muda wa fomati, na hata tungekuwa na muda, diski ndiyo hiyo.

"Bonyeza wewe," Mama Kemunto akaniambia.

Nikabonyeza pa kukataa. Kisanduku kikapotea. Nikafungua ratiba ya bibi wa Muhuru Bay, kurasa zote nne zikaja, watoto tisa wamekaa kwa mpangilio wao. Nikaagiza ichape. Printa ilinyamaza muda ambao kwenye shajara nimeuandika kuwa mrefu, kisha ikakohoa, ikavuta karatasi.

Sote tulisimama tukiitazama, isipokuwa Mama Kemunto. Yeye alikuwa ametugeuzia mgongo kwenye kaunta, ameinama, anaandika kitu. Nilidhani ni risiti ya mzee.

Mzee Okelo alichukua kurasa zikiwa bado na joto. Alisoma kwa kidole, akasimama mahali fulani ukurasa wa tatu, akasema, "Mmeweka hata Otieno wa Tanzania." Akavaa kofia. Nakala zingine angetengeneza kwa fotokopi ya mission asubuhi, hilo halikumsumbua tena. Odoyo alifunga boksi la mashine skrubu nne, nikaizima mashine saa kumi na mbili na dakika thelathini na saba. Dakika tatu zilibaki, na tulizitumia kufagia.

Mlangoni nilimwona Mama Kemunto akitia diski kwenye mkoba wake, akaufunga, ukalia ta. Odoyo alikuwa ameshaaga. Nikamfuata hatua mbili.

"Mama, kuhusu ile diski."

Alitazama juu ya mabati. Mwanga ulikuwa umekwisha hapo.

"Jua limezama, Beril," akasema. "Sabato njema."

Akaenda. Saa ishirini na nne za kutozungumza kazi, na diski ni ya kazi. Hakuweza kunifukuza, hakuweza kunisamehe, hakuweza hata kunigombeza mpaka Jumamosi jioni. Kitu kimoja tu kilinipa nguvu, kwamba naye hawezi kuigusa kompyuta aisome diski. Usiku huo nililala kidogo sana na nikaikumbuka sentensi moja moja niliyoandika tangu mwezi wa sita, nikashangaa nilivyokuwa na maandishi mengi juu ya mtu mmoja.

Asubuhi yake nilivaa sketi yangu ya Jumapili siku ya Jumamosi, nikaenda kanisani kwao. Sikuwa nimewahi kuingia. Nilisimama nje kwanza, dakika kumi, kama kawaida yangu. Nikaingia nikakaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Mama Kemunto alikuwa mstari wa tatu. Hakugeuka, lakini baada ya muda mkono wake ulitokea kando ya benchi na kidole kikaniita, kile kidole cha kalenda. Nikapita katikati ya watu wote hao, nikakaa karibu naye.

Walikuwa wanatafuta wimbo. Alifungua mkoba, akatoa kitabu cha nyimbo, kisha akatoa kile kitambaa cheupe cha maua pembeni, kimekunjwa mara nne, akaniwekea mapajani. Kilikuwa na kitu kigumu ndani. Nikafunua kona moja. Kibandiko cha Odoyo kilikuwa kimebanduliwa, kingine kimebandikwa, na juu yake, kwa kalamu nzito na mwandiko wa Mama Kemunto ulioegemea kushoto, paliandikwa: BERIL – USIGUSE.

Mama Kemunto haandiki kitu siku ya Sabato, hata orodha ya sokoni. Ilinichukua mistari miwili ya wimbo kulielewa hilo. Aliandika Ijumaa, pale kwenye kaunta, kabla ya dakika ya arobaini, kisha akaniacha niende nyumbani nikakeshe.

Nikakunja kitambaa, nikasogea, nikashika upande wangu wa kitabu cha nyimbo.